Kipaza Sauti Kisichopaza: Tahakiki ya Majina ya Vyombo vya Kusikilizia na Kusemea

Wahenga wametuachia msemo kwamba kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza, na kutouliza kwetu kulileta hasara ndogo ambayo ndiyo iliyozaa makala haya. Ofisi yetu ilihitaji vyombo kwa ajili ya wafasiri na wakalimani wanaohudhuria mikutano kwa njia ya kompyuta: kimoja cha kuvaa masikioni ili wasikie, na kingine cha kuweka mezani ili wasikike. Katika orodha ya manunuzi tukaandika mistari miwili: "Vipokea sauti 12" na "Vipaza sauti 12". Baada ya muda mzabuni alileta vyombo vya masikioni kama tulivyotaka, na pamoja navyo jozi 12 za spika za mezani, mpya, kila jozi ndani ya boksi lake. Afisa ugavi alihesabu, akalinganisha na orodha, akatia saini. Siku ya mkutano wafasiri wetu walisikia kila lililosemwa, ila wao wenyewe hawakusikika.

Tulikuwa tayari kumlaumu mzabuni, mpaka tulipousoma upya mstari wetu. Hakukosa. Alileta kitu ambacho Kiswahili kinamruhusu kukiita kwa jina tulilolitumia. Kosa lilikuwa la jina, na aibu yake ni kubwa zaidi kwetu, kwa kuwa kazi tuliyoajiriwa kuifanya ni hiyo hiyo ya kutunza majina.

Katika makala haya tunakusudia kuyatahakiki majina ya vyombo hivi, pamoja na maneno ya sifa yanayofuatana navyo madukani na katika vijitabu vya maelezo. Dai letu ni moja: jina la chombo cha sauti halina budi kumwonyesha mtumiaji sauti inaelekea wapi. Likishindwa kufanya hivyo, upungufu wa jina hulipiwa na mnunuzi kwa fedha yake.

Majina tuliyo nayo

Tuanze na kipaza sauti. Kupaza sauti ni kuinua sauti iende mbali. Mwadhini hupaza sauti, na muuza samaki apitaye mitaani hupaza sauti. Kwa maana hiyo jina hili lakistahili kabisa kile chombo kifungwacho juu ya mnara au juu ya gari la matangazo. Lakini jina hilo hilo hupewa kile akishikacho msemaji mbele ya kinywa chake, ambacho hakipazi chochote. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa mkondo hafifu wa umeme. Kuukuza mkondo huo ni kazi ya amplifaya, na kuurudisha uwe sauti ni kazi ya spika. Yaelekea mkanganyiko huu ulitokana na namna vyombo hivi vilivyozoeleka mikutanoni: vilifika pamoja, vikafungwa pamoja, vikaondolewa pamoja, na wasikilizaji hawakuwa na haja ya kuvigawa. Seti nzima ilipaza sauti. Kila kipande chake kikarithi jina la seti.

Jina la pili ni kipokea sauti, nalo limekaa kinyumenyume. Chombo kivaliwacho masikioni hakipokei sauti; hupokea umeme kutoka kwenye kompyuta na kutoa sauti. Apokeaye sauti ni sikio. Chombo hasa kinachopokea sauti ni kile kingine, kile tulichokiita kipaza. Basi twajikuta na jozi ya majina ambayo yangebadilishana nafasi yangekuwa karibu zaidi na ukweli: kinachopokea huitwa kipaza, na kinachotoa huitwa kipokea. Mtu aliyekwisha kuvijua vyombo hatapotea, maana hulitazama umbo asilijali jina. Anayepotea ni yule asomaye Kiswahili ili ajue, naye ndiye tunayemwandikia.

La tatu ni kinasa sauti. Kunasa ni kushika na kuzuia, kama ndege anavyonaswa na ulimbo. Kwa muda mrefu neno hili limetumika kwa mashine inayohifadhi sauti ili isikilizwe baadaye. Siku hizi wako waandishi wanaolitumia kwa maana ya maikrofoni, kwa hoja kwamba nayo huishika sauti. Hoja ina mantiki, lakini matokeo yake ni kuongeza mzigo juu ya jina ambalo tayari lina mwenyewe.

Kando ya majina haya ya kuundwa kuna majina ya sokoni: hedifoni, iafoni, maikrofoni au maiki kwa ufupi, na spika. Wapo miongoni mwetu wanaoyadharau kwa kuwa ni ya kukopa. Sisi twaona kwamba soko limefanya kazi ambayo sisi wataalamu hatukuifanya: limetenganisha. Mteja akitaja maiki, muuzaji hamletei spika. Hata lile neno spika, ambalo pia ni cheo cha kiongozi wa Bunge, halijamtatiza mtu, kwa sababu hakuna sentensi ambamo vitu hivyo viwili vyaweza kugombania nafasi moja.

Wala isidhaniwe kwamba kuyumba huku ni udhaifu wa Kiswahili peke yake. Neno microphone liliundwa kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya udogo na sauti. Mwaka 1827 Charles Wheatstone wa Uingereza alilitumia kwa chombo kisicho na umeme cha kumwezesha mtu kuzisikia sauti ndogo, yaani chombo cha sikio. Ilikuwa mwaka 1878 ndipo David Hughes alipolitumia kwa chombo cha umeme chenye kazi kama ya maikrofoni tunayoijua sasa. Hivyo hata huko jina lilihama kutoka sikioni hadi kinywani. Tofauti ni kwamba lilipohama halikuacha nyuma mtoto mwenye jina lile lile.

Kwa nini jambo hili linatugusa sasa

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa tumeishi na kipaza sauti chenye maana mbili kwa miaka mingi bila madhara, pana dharura gani leo? Jibu ni kwamba zamani aliyenunua vyombo hivi alikuwa fundi. Leo ananunua mwalimu, karani na mfasiri. Tangu shule na ofisi zilipofungwa katika nchi nyingi mwaka 2020, masomo na mikutano kwa njia ya kompyuta yamekuwa mambo ya kawaida. Kiswahili nacho kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Kazi ya ukalimani imeongezeka, na sehemu yake hufanyika mbele ya kioo cha kompyuta.

Kwa kazi ya namna hiyo, inafaa zaidi kununua chombo cha kusikilizia peke yake na cha kusemea peke yake, kuliko kununua kimoja kinachojidai kufanya yote mawili. Sababu ni tatu. Kwanza, vyombo vyenye kazi mbili vya bei ya chini mara nyingi hubeba maikrofoni dhaifu, maana fedha ya mnunuzi imegawanywa. Pili, kimoja kikiharibika, cha pili hubaki kizima. Tatu, vyombo vingi visivyo na waya, vinavyotumia Bluetooth, hushusha ubora wa sauti mara maikrofoni yake inapoanza kufanya kazi, kwa sababu njia ile ile yabidi ibebe sauti kwenda na kurudi. Msikilizaji wa muziki ataliona jambo hili dogo, lakini mkalimani hawezi kulipuuza.

Tutoe mfano kutoka katika lugha yenyewe. Simu za zamani zilipitisha mitetemo baina ya hezi 300 na 3,400 hivi. Konsonanti kama s, sh, f na th hutegemea mitetemo iliyo juu ya hapo. Mkalimani anayesikia kupitia njia finyu hana hakika kama mjumbe amesema "thamani ya ofisi" au "samani ya ofisi", na katika kikao cha bajeti hayo ni mambo mawili. Akikisia, taarifa itabeba kisio lake. Kwa hiyo chombo cha masikio si pambo la kijana apendaye muziki. Ni sehemu ya usahihi wa tafsiri.

Maneno ya sifa

Tumetazama majina, sasa tuyatazame maneno yanayomshawishi mnunuzi. La kwanza ni starehe. Maelezo mengi ya Kiswahili yaliyobandikwa kwenye maboksi husema kwamba chombo "kinakupa starehe ya hali ya juu". Sentensi hiyo haimwambii mtu lolote. Kukaa vizuri kichwani kuna sehemu zinazotajika: uzito, mbano, joto, na namna mto unavyokutana na sikio. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kwa yote hayo. Viko vyombo vya kuzunguka sikio, ambavyo mto wake hukaa juu ya mfupa. Viko vya kukalia sikio, ambavyo hulikandamiza. Na viko vya kuingia tunduni. Kwa mtu anayevaa miwani, vya kukalia sikio humbana dhidi ya fremu, na baada ya saa mbili huona maumivu. Kwa anayevaa hijabu au kofia, ukanda unaorefuka kwa urahisi ni jambo la lazima. Vingi vya aina ya kuzunguka sikio vina uzito wa gramu 200 hadi 300, na kwa kazi ya kutwa tofauti ya gramu 50 huonekana shingoni.

Joto nalo lisisahauliwe na sisi tukaao pwani. Vyombo vilivyofungwa nyuma huzuia kelele, lakini hulitosa sikio katika jasho. Vile vilivyo wazi nyuma, ambavyo HD 414 ya kampuni ya Sennheiser ilivitangulia mwaka 1968, hupitisha hewa na huwa vyepesi. Ila pia huvujisha sauti, hata maikrofoni iliyo karibu ikaidaka na kuirudisha kwa waliosema. Basi mwalimu aliye peke yake chumbani achague vilivyo wazi, na karani aliye katika chumba cha watu sita achague vilivyofungwa. Neno starehe halikuweza kutufikisha hapa.

La pili ni rahisi. Katika matumizi yetu neno hili lina maana ya kitu kisicho kigumu, na pia kitu kisicho ghali. Mfasiri aandikapo "maikrofoni rahisi kwa matumizi ya nyumbani", hatujui kama anasifu bei au anasifu utumiaji. Twashauri bei iitwe nafuu, na utumiaji uitwe mwepesi. Aidha unafuu usipimwe kwa chombo kimoja kimoja, bali kwa hesabu nzima. Chombo cha kusikilizia chenye ukinzani wa omu 16 hadi 32 hupata nguvu ya kutosha kutoka kwenye kompyuta ya kawaida. Chenye omu 250 kwa kawaida huhitaji amplifaya yake, na bei ya amplifaya haikuandikwa kwenye boksi.

Kwa upande wa maikrofoni, unafuu tulio nao leo una asili yake. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakiwa katika Maabara ya Bell huko Marekani, waliunda maikrofoni ya elektreti, ambayo hubeba chaji yake yenyewe na kutengenezwa kwa gharama ndogo. Maikrofoni nyingi ndogo zilizotengenezwa baadaye zilifuata njia hiyo. Ndiyo sababu maikrofoni ya bei ya chini yaweza kutosha kabisa kwa mkutano, ikiwa imewekwa mahali pake. Umbali baina ya kinywa na maikrofoni ukipunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa kiasi cha desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vile vile. Kwa hiyo maikrofoni ya bei nafuu iliyo shibiri moja kutoka kinywani hushinda ya ghali iliyo mwisho wa meza. Stendi ndogo ni ununuzi wenye faida kuliko nakshi.

La tatu, na ndilo linalopotosha zaidi, ni kufuta kelele. Maneno haya huandikwa kwenye chombo cha kusikilizia na kwenye maikrofoni pia, kana kwamba ni sifa moja. Sivyo. Katika chombo cha kusikilizia, anayeondolewa kelele ni yeye aliyekivaa: haisikii feni wala barabara. Katika maikrofoni, anayeondolewa kelele ni yule wa upande wa pili. Mwalimu anayefundisha karibu na uwanja wa michezo, akinunua chombo cha kusikilizia "kinachofuta kelele", atapata utulivu wake mwenyewe, na wanafunzi wake wataendelea kuusikia uwanja wote. Hapa tena ni suala lile lile la mwelekeo. Twapendekeza iandikwe wazi: "humkinga mvaaji na kelele", au "hupunguza kelele zinazopelekwa". Maneno ni marefu zaidi, lakini hakuna atakayedanganyika.

Tundu na plagi

Jina bovu lina mahali pake pa mwisho pa kudhuru, napo ni kwenye tundu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu ya rangi: la waridi ni la maikrofoni, na la kijani ni la spika au chombo cha kusikilizia. Tumepata kuona kijitabu cha Kiswahili kilichomwelekeza msomaji achomeke "kipaza sauti" katika tundu la kijani, na ukurasa uliofuata achomeke "kipaza sauti" katika la waridi. Kila sentensi ilikuwa sahihi kwa maana yake, na kijitabu kizima kilikuwa hakina maana.

Kompyuta nyingi za kubebeka zina tundu moja tu la milimita 3.5, linalotazamia plagi yenye migusano minne. Maikrofoni yenye plagi ya migusano mitatu ikichomekwa humo, kwa kawaida haitambuliwi. Tiba ni waya mfupi unaoligawa tundu hilo kuwa mawili, au kununua maikrofoni ya USB. Mwandishi wa orodha ya manunuzi akitaja plagi, atakuwa ameiokoa ofisi yake safari ya pili ya dukani.

Pendekezo

Baada ya kukosoa, twapaswa kupendekeza. Neno maikrofoni libaki kwa chombo cha kusemea, na neno spika kwa chombo kitoacho sauti hewani. Kipaza sauti lisiuawe, bali lirudishwe kwenye kazi yake: seti ya kupazia sauti hadharani. Kinasa sauti libaki kwa mashine ya kurekodi. Kwa chombo cha masikio twapendekeza, kwa majadiliano, neno kisikilizio, lililoundwa kwa njia ile ile iliyotupa kifunikio na kichujio: kitu ambacho tendo hufanywa kwacho. Halidai kwamba chombo chapokea wala chatoa. Lasema kwamba mtu asikiliza kwacho, na hilo ni kweli daima. Tutapata visikilizio vya kichwani, visikilizio vya masikioni, na visikilizio vyenye maikrofoni. Anayependa hedifoni hatutamzuia.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba lugha ni ya watu, na baraza haliwezi kuwaamuru waseme nini. Twakubali. Nchini Kenya shule zimezoea tarakilishi, na Tanzania tumezoea kompyuta, wala hapana mtu aliyenunua kitu kisicho chake kwa sababu hiyo. Majina mawili kwa kitu kimoja ni wingi unaovumilika. Jina moja kwa vitu viwili vinavyouzwa duka moja, kwenye rafu moja, ni deni, na anayelilipa ni yule asiyekuwa na fedha ya kununua mara mbili.

Kwa wale wanaoandika orodha za manunuzi, tunatoa mfano wa mistari ambayo tungaliandika tangu mwanzo: "Visikilizio vya kichwani, vya kuzunguka sikio, vyenye waya, plagi ya milimita 3.5, uzito usiozidi gramu 300: 12. Maikrofoni za mezani za USB, zinazopokea zaidi sauti ya upande wa mbele, pamoja na stendi: 12." Na mtumiaji akumbushwe ushauri wa Shirika la Afya Duniani, kwamba kwa mtu mzima sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kwamba visikilizio vinavyokaa vizuri na vinavyozuia kelele humwezesha mtu kusikia bila kuongeza sauti.

Zile jozi 12 za spika zingali stoo. Mzabuni hakulazimika kuzichukua, kwa kuwa karatasi ilikuwa upande wake. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzetu watuletee majina yanayotumika mahali walipo, hasa yale ya mafundi na wauza duka, kabla pendekezo hili halijafikishwa kwenye kikao cha kusanifisha istilahi. Safari hii tumeamua kuuliza.